Shamba la Bi. Marian

Mwaka 1896 Marian MacDowell alinunua shamba lililochoka karibu na Peterborough, mji mdogo wa jimbo la New Hampshire, kaskazini mashariki mwa Marekani. Hati ilikuwa kwa jina lake. Nalisema hili mapema kwa sababu habari za shamba hilo mara nyingi huanza na mume wake, na nyingine huishia hapohapo.

Mume huyo, Edward MacDowell, alikuwa mtunzi wa muziki mwenye jina kubwa kuliko karibu wote nchini mwake. Walikutana Ujerumani. Marian alikuwa amevuka bahari akitaka kufundishwa piano na mpiga piano mashuhuri Clara Schumann, akajikuta anapelekwa kwa kijana Mmarekani mwenzake, jambo ambalo halikumfurahisha hata kidogo. Hata hivyo mwaka 1884 walioana. Miaka ya mwanzo waliishi kwa fedha za urithi wa Marian, ili Edward atunge muziki badala ya kuhangaika na wanafunzi. Piano ya Marian mwenyewe ikawekwa kando.

Mwaka uleule wa kununua shamba, Edward aliteuliwa kuwa profesa wa kwanza wa muziki katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka mzima wa masomo alikuwa mtu wa madarasa na vikao. Kazi yake hasa ilimngoja shambani, likizo ya kiangazi. Hata huko nyumba ilikuwa na kelele zake, wageni na watumishi. Marian akamjengea kibanda cha magogo msituni, chumba kimoja chenye meko ya mawe, mbali kiasi cha kutosikia mlango ukifungwa nyumbani. Asubuhi Edward alishuka huko. Mchana mkewe alimpelekea chakula kwenye kikapu, akakitua mlangoni na kurudi zake kimya. Kwetu kufika mlangoni pa mtu usipige hodi ni kukosa adabu. Pale, hiyo ndiyo iliyokuwa adabu yenyewe.

Raha hiyo haikudumu. Mwaka 1904 Edward aligombana na uongozi wa chuo akajiuzulu, na mwaka huohuo akagongwa na gari la farasi barabarani. Akili yake ikaanza kufifia, na chanzo cha maradhi hayo wataalamu wanakibishania mpaka leo. Kabla hajapotea kabisa alikuwa na neno moja alilolirudia: wasanii wengine nao wapate pa kufanyia kazi kama alivyopata yeye. Mwaka 1906 marafiki wakaanza kuchangisha fedha, na miongoni mwa waliounga mkono walikuwemo Rais mstaafu Grover Cleveland na tajiri Andrew Carnegie. Mwaka uliofuata Marian alilikabidhi shamba kwa chama kilichoundwa kwa heshima ya mumewe. Wakazi wa kwanza walikuwa wanawake wawili, ndugu wa tumbo moja: mchongaji Helen Mears na mwandishi Mary Mears. Edward alifariki Januari 1908, akiwa na miaka 47, akazikwa Peterborough.

Wengi wangedhani hadithi inaishia hapo. Mjane alikuwa na umri wa miaka 50, mgongo mbovu uliomfanya atembelee magongo, na shamba ambalo lingemeza fedha zile za mchango kwa misimu michache tu. Alichofanya ni kurudi kwenye piano. Akaanza mazoezi upya, kisha kila majira ya baridi akawa anapanda treni mji hadi mji, akipiga tungo za marehemu mbele ya vyama vya wanawake na vikundi vya wapenda muziki, akieleza habari za shamba na kuomba mchango. Kazi hiyo aliifanya kwa zaidi ya miaka 20. Kiangazi kikifika alirejea kusimamia ujenzi wa studio mpya, bustani ya mboga na ng'ombe wa maziwa. Mwanamke aliyeiacha piano ili mumewe afanye kazi aliirudia ili watu asiowajua wafanye kazi. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo moyo wa habari hii, kuliko ndani ya kibanda cha magogo.

Taratibu alizoziweka hazikuwa nyingi. Studio zilijengwa mbalimbali msituni, moja isionekane kutoka nyingine. Huendi kwa mwenzako mchana bila kualikwa. Jioni wote wanakutana kwenye chakula, na mazungumzo hapo ni ruksa. Wanaume walikuwa na nyumba yao ya kulala, wanawake yao. Na kikapu kiliendelea kutuliwa mlangoni, kama kinavyotuliwa hadi leo: sandwichi, supu kwenye chupa, biskuti.

Ndani ya kila studio hutundikwa vibao vya mbao ambavyo juu yake kila anayeondoka huandika jina lake. Wenyewe, kwa utani, huviita mawe ya kaburi. Wino wa zamani umepauka, majina mengine hayasomeki tena, na mengi ni ya watu ambao dunia haikupata kuwasikia. Lakini katikati yao yumo Thornton Wilder, ambaye mji wa tamthilia yake *Our Town* hulinganishwa na Peterborough. Wamo mwandishi wa riwaya Willa Cather na mtunzi wa muziki Aaron Copland. Mwandishi James Baldwin alifika katika miaka ya 1950, akarudi tena.

Septemba 1938 kimbunga kilipiga eneo zima la New England, ambamo New Hampshire imo, na kuangusha miti ya msitu ule kwa maelfu. Bi. Marian alikuwa anakaribia miaka 81. Akaanza kuchangisha upya.

Alifariki mwaka 1956, akiwa na miaka 98, akazikwa kando ya mumewe. Mwaka 1962 serikali ya Marekani ililitangaza eneo hilo kuwa alama ya historia ya taifa. Julai 2020 bodi ya chama hicho iliondoa neno "Colony", yaani koloni, katika jina la MacDowell Colony lililotumika kwa zaidi ya karne moja, uamuzi ambao msomaji wa Afrika hahitaji kufafanuliwa. Sasa panaitwa MacDowell tu.

Leo pana studio zaidi ya 30. Waandishi, wachoraji, watunzi wa muziki, watengeneza filamu na wasanifu majengo hukaa kwa majuma kadhaa, na chumba, studio na chakula havilipiwi. Kinachotazamwa ni kazi ya mwombaji, awe ametoka nchi gani. Mwandishi au mchoraji wa kwetu mwenye kazi iliyokwama kwa kukosa utulivu asidhani milango ile ni ya Wamarekani peke yao. Atume maombi.