Ukwaju, chachandu au tomato: nyama moja, karne saba za sosi

Jioni jijini Dar es Salaam, katika Mtaa wa Libya au kando ya Msimbazi, Kariakoo, muuza mishkaki huuliza kabla ya kutoa nyama jikoni: ukwaju, chachandu au tomato? Mteja hujibu harakaharaka, njaa inamsukuma. Kila jibu lina asili yake na umri wake, na tomato, sosi ya chupa inayopendwa na vijana wengi, ndiyo changa kuliko zote.

Uchachu ndio ulioanza. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikirimiwa wali wa samli na michuzi ya kuku, nyama na samaki. Pembeni palikuwa na ndimu za achari, pilipili zilizohifadhiwa kwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Pilipili aliyoila haikuwa pilipili mbuzi wala pilipili kichaa. Hizo asili yake ni Amerika, na zilivuka bahari na Wareno baada ya Vasco da Gama kupita pwani hii mwaka 1498. Nyanya nayo ni mzaliwa wa Amerika. Kwa hiyo mezani kwa mtu wa pwani, ndimu na embe bichi vilikaa muda mrefu kabla ya chachandu, ya nyanya na pilipili, kupata mahali.

Chakula kinachoonyesha vizuri kazi ya uchachu ni bokoboko na jamaa zake. Nyama huchemshwa pamoja na ngano mpaka ichambuke nyuzi, kisha hupondwa kwa mwiko hadi nyama na ngano visijulikane. Ni mapishi ya sikukuu na ya Ramadhani, jamaa ya harisi ya Waarabu. Huku kwetu humwagiwa samli, na wapo wanaonyunyiza sukari. Oman wana arsiya, ya wali na nyama iliyopondwa, wanayoila na mchuzi mtamu na mchachu uitwao tursha. Wahindi nao wana halimu, na wao hukamulia ndimu, wakatupia tangawizi, giligilani na vitunguu vya kukaanga. Nyama ya namna hii ni laini na nzito kwa mafuta. Bila kitu cha kuyakata, kijiko cha tano hakipandi.

Mapishi hayo yote yalikuja kukutana Dar es Salaam. Sultani Majid bin Said alianza kuujenga mji katika miaka ya 1860, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaja na chatne zao hadi Uhindini, karibu na Kisutu. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, eneo ambalo Wajerumani walikusudia liwe soko liligeuzwa kambi ya wapagazi wa kikosi cha Carrier Corps, na jina la Kariakoo likabaki. Baada ya vita soko likaanza, na bidhaa za bara na za pwani zikapangwa ubavu kwa ubavu. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yalileta familia nyingine zilizozoea urojo, supu chachu ya Zanzibar. Sheria ya 1971 ya kutaifisha majengo iliwaondoa Wahindi wengi mjini, lakini chatne ya nazi haikuondoka nao. Waswahili walikwisha kuijua: nazi iliyokunwa, pilipili, kitunguu saumu, giligilani na ndimu.

Ukwaju ulidumu kwa sababu unavumilia. Mkwaju ni mti wa Afrika, na matunda yake hukaa muda mrefu guniani bila friji. Hulowekwa maji ya vuguvugu, hukamuliwa, huchujwa, kisha hupikwa na sukari, chumvi, pilipili na binzari nyembamba. Ndimu ikichemka hupoteza harufu yake, ila uchachu wa ukwaju hauondoki kwa moto.

Tomato ilipata nguvu baadaye. Jengo jipya la soko, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975, na matenga ya nyanya kutoka Ilula na Lushoto yakawa sehemu ya Kariakoo. Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya uhaba, na hata sabuni ilipangiwa foleni. Mwaka 1984 serikali ilipolegeza uagizaji wa bidhaa kutoka nje, maduka yakaanza kujaa tena, na sosi ya chupa ikawa kitu cha kila siku. Chipsi zikaisambaza mpaka kwenye vibanda vya uchochoroni.

Sasa ni zamu ya shawarma, nyama inayochongwa vipande vyembamba na kupakwa sosi nyeupe ya kitunguu saumu. Wauzaji wengi wa mjini huongeza pilipili ya kusaga bila kuombwa, maana mteja wa Dar asipokutana na ukali au uchachu huona hajala. Sosi nyeupe itakaa mezani ikikubali kuchanganywa, kama zilivyokubali chatne na tomato kabla yake.