Wa Tano Ndiye Anayetafutwa: Historia ya Usajili katika Gofu ya Wanawake Vyuoni Marekani

Kanuni yenyewe ni rahisi. Chuo kinaingiza wachezaji watano kiwanjani, na jioni zinajumlishwa kadi nne zilizo bora; ya tano inawekwa kando. Nyota wa timu akipiga mikwaju 66, kadi yake inahesabiwa mara moja tu kama za wenzake. Wa nne akiharibu na kurudi na 81, wa kumfidia ni yule wa tano peke yake, ambaye pengine hata mashabiki wa chuo chake hawamjui kwa jina. Makocha wa gofu ya wanawake huko Marekani wamesumbuliwa na hesabu hiyo kwa miongo mingi, na ukiichimba historia ya usajili wao utakuta sehemu kubwa yake ni habari za kumsaka huyo binti wa tano.

Mwanzoni hapakuwa na timu za kusajili. Mwaka 1941, Gladys Palmer, aliyesimamia elimu ya viungo ya wanawake katika Chuo Kikuu cha Ohio State, aliwaalika wasichana wa vyuo mbalimbali waje mjini Columbus kushindana, kila mtu kwa nafsi yake. Hakuungwa mkono na wengi. Walimu wenzake wa zama zile waliamini kwamba mashindano ya kitaifa yanawadhuru wasichana. Michezo yao iwe ya afya na ya kufahamiana, wote wacheze kidogo kidogo na asitafutwe bingwa. Palmer hakurudi nyuma, na Eleanor Dudley wa Alabama akawa mshindi wa kwanza. Vita vikalisimamisha shindano hadi 1946. Liliporudi lilishika kasi yake polepole, na mwaka 1960 bingwa akawa JoAnne Gunderson wa Arizona State, yule ambaye dunia ya gofu ya kulipwa ilikuja kumjua kwa jina la JoAnne Carner.

Kisha ikaja sheria. Tarehe 23 Juni 1972 Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya elimu ambayo Kifungu chake cha Tisa kilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Watu wengi hudhani kuanzia siku ile ufadhili wa masomo ulimiminika kwa wanamichezo wa kike. Sivyo ilivyokuwa. Chama kilichosimamia michezo ya wanawake vyuoni, AIAW, chenyewe kilikataza ufadhili wa aina hiyo. Viongozi wake walikuwa wanawake, tena walimu, na walikuwa wameyaona ya upande wa wanaume: vijana wanaogombaniwa na makocha, hongo za chini kwa chini, wanafunzi wasiojua darasa lao liko jengo gani. Hawakutaka balaa hilo liwafuate mabinti zao. Mwaka 1973 wachezaji wa tenisi wa Florida wakaenda mahakamani wakidai haki ileile waliyokuwa nayo wanaume, na chama kikalegeza kamba. Hata hivyo makocha waliendelea kubanwa wasizunguke nchi nzima kuwarai wasichana. Binafsi naona wale walimu walikuwa na hoja, na kilichotokea baadaye kimewapa haki kwa kiasi fulani. Ila hoja nzuri haimlipii mtoto wa fundi magari ada ya chuo.

Nasema fundi magari kwa sababu baba yake Nancy Lopez alikuwa na gereji mjini Roswell, New Mexico. Shule yake ya sekondari, Goddard, haikuwa na timu ya gofu ya wasichana, basi akacheza na wavulana, na akawashinda. Mwaka 1975, angali mwanagofu wa ridhaa wa miaka 18, alimaliza katika nafasi ya pili ya pamoja kwenye US Women's Open. Binti wa namna hiyo leo angegombaniwa na vyuo hamsini. Aliyempata ni Dale McNamara wa Chuo Kikuu cha Tulsa, Oklahoma, mama aliyekuwa anaijenga timu mpya kabisa iliyoanza mwaka uliotangulia. Lopez akatwaa ubingwa wa AIAW mwaka 1976, akaondoka baada ya mwaka wa pili wa masomo, na mwaka 1978 akashinda mashindano 9 ya kulipwa, matano kati ya hayo mfululizo.

Kocha mwingine angebaki akiomboleza. McNamara alijenga upya bila nyota wa kiwango kile, na hapo ndipo umahiri wake ulipoonekana. Mwaka 1982 NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo kilichokuwa cha wanaume kwa miaka mingi, kilianzisha mashindano yake ya wanawake, na mwaka huohuo AIAW ikafanya ya mwisho kabla ya kufa. Tulsa ilichukua makombe yote mawili. Miaka sita baadaye, mwaka 1988, ikatwaa ubingwa wa NCAA kwa mara ya pili, na bingwa wa mchezaji mmoja mmoja alikuwa Melissa McNamara, binti wa kocha. Usajili wa aina hiyo haukuhitaji safari ndefu. Melissa, kwa jina la ndoa Luellen, alikuja kuwa kocha mwenyewe na kuipa Arizona State ubingwa wa mwaka 2009.

Arizona State ndicho chuo chenye mataji mengi ya NCAA kuliko vyote, manane. Sita kati ya hayo yaliletwa na Linda Vollstedt, aliyekiongoza kuanzia 1980 hadi 2001. Jiografia ilimsaidia, na hakuna haja ya kulificha hilo. Katika jangwa la Arizona mtu anacheza gofu Januari akiwa na mikono mifupi, ilhali kule Michigan na Illinois viwanja vimefunikwa na theluji. Kwa miaka 28 ya kwanza ya mashindano ya NCAA hakuna chuo cha kaskazini mwa nchi kilichowahi kushinda, hadi Purdue ya Indiana ilipovunja mwiko huo mwaka 2010. Msichana aliyezaliwa kwenye baridi na mwenye kipaji alisafiri kufuata jua, na makocha wa kusini walijua hivyo.

Baadaye wakagundua kwamba hata wasichana wa ng'ambo wanalifuata. Mwaka 1990 kocha wa Chuo Kikuu cha Arizona alimwona Msweden mmoja akicheza katika mashindano ya vyuo mjini Tokyo. Jina lake Annika Sörenstam. Mwaka uliofuata, akiwa bado mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akawa mtu wa kwanza asiye Mmarekani kutwaa ubingwa wa NCAA wa mchezaji mmoja mmoja. Mdogo wake Charlotta akaushinda mwaka 1993 kwa ajili ya Texas. Mlango ukawa wazi: Wasweden, Wahispania, Wamexico, Wathai, Wakorea.

Sababu yake haikuwa kipaji pekee. Kulikuwa na hesabu ya fedha. Mpira wa miguu wa Kimarekani peke yake uliruhusiwa ufadhili 85 kwa wanaume, na hakuna mchezo wa wanawake unaokaribia idadi hiyo. Ili mizani ya Kifungu cha Tisa isiegemee upande mmoja, michezo mingine ya wanawake ilipewa zaidi kuliko ya wanaume. Katika gofu, wanaume waliruhusiwa ufadhili 4.5 kwa timu nzima, wanawake 6. Huo ufadhili sita haukuwa lazima ugawiwe watu sita. Kocha aliweza kuukata vipande: mmoja ada yote, mwingine nusu, mwingine vitabu tu. Kazi yake ikawa nusu ualimu, nusu uhasibu. Ukimwaga mfuko kwa nyota, unabaki na nini cha kumvutia wa nne na wa tano?

Swali hilo lilikiumiza Chuo Kikuu cha Arizona waziwazi. Sörenstam alipokuwa bingwa mwaka 1991, taji la timu lilikwenda UCLA. Karibu miaka kumi baadaye Arizona walimpata Lorena Ochoa kutoka Guadalajara, Mexico. Katika msimu wake wa pili alishinda mashindano 8 kati ya 10 aliyocheza, jambo ambalo hata ukilisoma mara mbili halizoeleki. Arizona walichukua ubingwa wa timu mwaka 2000, miezi michache kabla hajafika. Alipokuwepo, mwaka 2001 na 2002, hawakuupata hata mara moja, na yeye mwenyewe alimaliza wa pili miaka yote miwili. Mchezaji bora wa vyuo wa kizazi chake aliondoka Arizona bila taji la taifa, la timu wala la kwake.

Mwaka ule wa 2002 washindi walikuwa Duke, chuo cha North Carolina ambacho Dan Brooks alianza kukifundisha mwaka 1984. Brooks ana mataji 7, matatu kati yake mfululizo kuanzia 2005 hadi 2007. Alisajili nyota pia, Virada Nirapathpongporn wa Thailand aliyempiku Ochoa mwaka ule ni mmoja wao, lakini kilichoitofautisha Duke ni kwamba mchezaji wake wa nne angekuwa wa kwanza katika vyuo vingi. Kadi moja ikiharibika, nyingine inayofanana nayo iko tayari.

Mwaka 2015 NCAA ikabadilisha mchezo wenyewe. Badala ya kujumlisha mikwaju hadi mwisho, timu nane bora baada ya mashimo 72 sasa huingia katika mtoano wa ana kwa ana: watano kwa watano, kila pambano pointi moja, atakayefikisha tatu ndiye mshindi. Wengi waliona ni mambo ya televisheni, na kweli televisheni ilihusika. Lakini tazama mabadiliko hayo yalimfanya nini yule wa tano. Chini ya utaratibu wa zamani kadi yake iliweza kutupwa. Sasa pointi yake ina uzito sawasawa na ya nyota, na nyota akimfumua mpinzani wake hadi aibu bado anapata moja tu.

Fainali ya kwanza ya mtindo huo, huko Bradenton, Florida, ilikuwa Stanford dhidi ya Baylor, na ilimalizikia kwenye pambano moja. Mariah Stackhouse, binti wa Georgia aliyewahi kupiga mikwaju 61 katika raundi moja ya vyuo mwaka 2013, alikuwa nyuma kwa mashimo mawili huku yakiwa yamebaki mawili. Akashinda la 17, akashinda la 18, na la nyongeza pia. Stanford 3, Baylor 2.

Fainali ya mwaka 2018 huko Stillwater, Oklahoma, inafaa kutazamwa kwa karibu zaidi. Arizona walikuwa wanatolewa. Mfilipino Bianca Pagdanganan alifika shimo la mwisho la hatua ya mikwaju akihitaji muujiza, akalimaliza kwa mikwaju miwili pungufu ya kiwango chake, na chuo kikapata nafasi ya kuchuana na Baylor kuwania tiketi ya nane, yaani ya mwisho. Wakaipata. Wakapanda hadi fainali na kukutana na Alabama, na kombe likategemea Haley Moore wa Arizona na Lakareber Abe wa Alabama, jina ambalo msomaji wa Gulu au Kitgum hahitaji kuelezwa asili yake. Baada ya mashimo 18 walikuwa sare. Moore akalimaliza la 19 kwa mkwaju mmoja chini ya kiwango. Timu iliyoingia kwa mlango wa nyuma ikawa bingwa, kitu ambacho kwa hesabu ya zamani kisingewezekana.

Usajili nao ukabadilika. Makocha walikuwa wakiwawahi wasichana wadogo mno, watoto wa miaka 14 wakiahidi kwa mdomo chuo ambacho wangejiunga nacho baada ya miaka minne. Tangu 2019, kocha haruhusiwi kuwasiliana na mwanafunzi kuhusu usajili kabla ya tarehe 15 Juni ya mwaka anapomaliza darasa la kumi. Mwaka 2021 wanafunzi waliruhusiwa kupokea fedha za matangazo, na mwaka huohuo wanafunzi wa michezo yote wakaruhusiwa kuhama chuo mara moja bila kukaa benchi msimu mzima. Kwa msomaji aliyezoea dirisha dogo la Simba na Yanga, hali ya sasa haitamshangaza. Rose Zhang wa Stanford alisaini na Adidas na Callaway akiwa bado anafanya mitihani, akashinda mashindano 12 kati ya 20 ya chuo, na akawa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa NCAA wa mchezaji mmoja mmoja mara mbili, 2022 na 2023. Mwaka huo wa pili Stanford hawakufika hata fainali ya timu.

Mwezi Mei 2025 Stanford walifika fainali wakiwa ndio timu ya kuogopwa, huko Carlsbad, California. Waliowapiga 3 kwa 2 ni Northwestern, chuo cha pembezoni mwa Chicago ambako wachezaji hujifua ndani ya ukumbi sehemu kubwa ya baridi. Wiki chache baadaye mahakama iliidhinisha makubaliano ya kumaliza kesi dhidi ya NCAA, yaliyofuta ule ukomo wa ufadhili sita. Chuo kilichoyakubali makubaliano hayo sasa kinaweza kumlipia kila mchezaji, lakini kikosi kisizidi watu 9. Vyuo tajiri vitafurahi. Msichana wa kumi au wa kumi na moja kikosini, ambaye zamani angepewa nafasi ya kujaribu na kukua, ndiye atakayekosa, na huo kwangu ni uamuzi mbaya kwa mchezo.

Kwa mzazi wa Nairobi, Kampala au Arusha mwenye binti anayeupenda mchezo huu, usikate tamaa kwa kuwa mwanao si bingwa wa taifa. Muingize katika mashindano yanayohesabiwa kwenye orodha ya dunia ya wanagofu wa ridhaa, tunza kadi zake zote, mbaya na nzuri, na mwandikie kocha mapema bila kungoja akuandikie.