Nyumba ya pili kwa wenza wasiofunga ndoa: kodi ni ile ile, haki si zile zile

Mwananchi wa Kirua Vunjo mwenye nyumba katika kihamba chake, anayekusudia kununua nyumba nyingine Himo au Moshi mjini pamoja na mwenza ambaye hawajafunga naye ndoa, hatozwi kodi ya ziada kwa sababu tayari ana makazi. Sheria za Tanzania hazina kiwango maalumu kwa mnunuzi wa nyumba ya pili. Ushuru wa stempu kwenye hati ya uhamisho ni asilimia 1 ya thamani, na hukokotolewa kwa kuangalia mali inayohamishwa, si idadi ya nyumba za mnunuzi wala hali yake ya ndoa. Nyumba ya shilingi milioni 80 hulipiwa ushuru wa shilingi 800,000, awe mnunuzi ni mseja, mwanandoa au watu wawili wanaoishi pamoja.

Dhana kwamba mwenye nyumba hutozwa zaidi hutokana kwa sehemu na taarifa zinazoletwa na ndugu walioko ughaibuni. Nchini Uingereza, kwa England na Ireland Kaskazini, nyongeza ya ushuru kwa nyumba ya ziada ilianza Aprili 2016 na kufikia asilimia 5 kuanzia Oktoba 31, 2024. Huko wenza wasiooana wakinunua kwa pamoja, na mmoja wao akawa na nyumba nyingine asiyoiuza, nyongeza hutozwa kwenye bei yote. Hata nyumba iliyoko nje ya Uingereza huhesabiwa ikiwa thamani yake ni pauni 40,000 au zaidi, kwa hiyo nyumba kubwa ya kisasa iliyojengwa kihambani inaweza kumgharimu Mtanzania anayenunua nyumba London. Utaratibu huo haupo Tanzania.

Kwa hapa nchini, tofauti kati ya nyumba ya kwanza na ya pili hujitokeza wakati wa kuuza. Muuzaji ndiye anayewajibika kulipa kodi ya ongezeko la mtaji. Kwa mkazi wa Tanzania mwenye kumbukumbu za gharama, kiwango ni asilimia 10 ya faida. Makazi binafsi yaliyomilikiwa na kukaliwa na mwenyewe kwa miaka 3 au zaidi husamehewa iwapo faida haizidi shilingi milioni 15. Nyumba ya pili ambayo mwenyewe hakuwahi kuishi haipati msamaha huo. Shamba lenye thamani ya soko iliyo chini ya shilingi milioni 10, lililotumika kwa kilimo kwa angalau miaka 2 kati ya 3 kabla ya kuuzwa, nalo husamehewa. Vihamba vidogo vya migomba na kahawa vinaweza kuangukia hapa.

Stakabadhi zina uzito. Mtu aliyenunua nyumba kwa shilingi milioni 50 na kuiuza kwa milioni 60 ana faida ya milioni 10, na kodi yake ni shilingi milioni 1. Asiye na kumbukumbu za gharama, kufuatia mabadiliko ya Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, hukadiriwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyothibitishwa, ipi iliyo kubwa. Kwa nyumba hiyo hiyo angelipa shilingi milioni 1.8.

Jambo linalostahili uangalifu mkubwa kuliko kodi ni jina linaloandikwa kwenye hati. Mara nyingi mwenza mmoja hutoa fedha, au husimamia ujenzi na kupika kwa ajili ya mafundi, ilhali hati hubeba jina la mwingine peke yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 161, humtambua mwanandoa aliyechangia kwa nguvu zake kuendeleza ardhi iliyo kwa jina la mwenzake. Kifungu hicho kinamtaja mwanandoa. Asiyefunga ndoa hulazimika kwanza kuegemea kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachodhania kuwapo kwa ndoa pale mwanamume na mwanamke walipoishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi na jamii ikawatambua kuwa mume na mke. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, kwa mfano mmoja wao anapokuwa tayari na ndoa nyingine ya mke mmoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya familia. Lakini Bi Hawa alikuwa mke wa ndoa.

Aidha, umiliki ambao sehemu ya aliyefariki humwendea moja kwa moja aliyebaki hai kwa kawaida ni wa wanandoa. Wenza wasiooana huandikishwa kila mmoja kwa sehemu yake, na mmoja akifariki, sehemu yake huingia kwenye mirathi. Bila wosia, aliyebaki anaweza kujikuta akimiliki nyumba pamoja na wakwe ambao hawajawahi kumtambua.

Kuongeza jina la mwenza baada ya hati kutoka ni uhamisho mpya, wenye kibali chake na ushuru wake wa stempu. Kwa hiyo ni nafuu majina yote mawili, pamoja na sehemu ya kila mmoja, kuandikwa tangu mkataba wa mauziano. Hati hulipiwa ushuru wa stempu ndani ya siku 30 tangu kusainiwa, na kila mnunuzi awe na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi. Kwa ardhi ya kijiji yenye hati ya hakimiliki ya kimila, maombi ya uhamisho huanzia Halmashauri ya Kijiji. Kwa kiwanja kilichopimwa mjini, huanzia ofisi ya ardhi ya halmashauri husika.