Nyasi Zikigeuka Kioo

Ukiingia Kigali usiku, huna haja ya kuulizia Convention Centre iko wapi. Lile kuba linaonekana toka mbali, taa zake mara bluu, mara njano, mara kijani. Vijana wanapiga picha na kupita. Lakini mzee aliyekulia Rwanda akilitazama vizuri anacheka: kumbe hii ni nyumba ya Mwami!

Ndiyo. Msanifu wake, Mjerumani Roland Dieterle, alifuata umbo la nyumba ya kifalme ya Nyanza, mji ambako Mwami Yuhi Musinga aliweka makao yake mwaka 1899. Nyumba ile ilikuwa ya fito zilizosukwa kama kikapu, juu nyasi. Mfano wake umejengwa upya palepale Nyanza, na nyuma yake kuna kibanda cha maziwa na kingine cha pombe. Ile ya Kigali ni chuma na kioo. Ilifunguliwa Julai 2016, na mwezi huohuo wakuu wa Umoja wa Afrika wakakutana humo.

Sasa hapa ndipo historia inatutania. Miaka mitano hivi kabla yake, serikali hiyohiyo ilikuwa kwenye kampeni ya kuondoa nyakatsi, yaani nyumba za nyasi. Nyasi zikaitwa umaskini, watu wakahamia kwenye mabati. Lakini wapo waliolalamika, Batwa wakiwemo, kwamba walibomolewa kabla hawajapata pengine pa kulala. Umbo lilelile: kwa maskini aibu, kwa taifa fahari.

Silaumu bati. Aliyelala chini ya paa linalovuja hawezi kusifu nyasi. Hapa Nakivale, walipopokelewa Wanyarwanda waliokimbia vurugu za 1959, na sisi wengine baadaye, tunajua ngazi zake: unaanza na turubai, unakuja fito na udongo, halafu matofali, mwisho bati. Kila ngazi ni sherehe.

Ila kioo kinakumbuka umbo tu, hakifundishi mkono. Kusuka nyumba ile ni ujuzi, na wenye ujuzi wanazeeka, wengine humuhumu kambini. Kama una jirani aliyewahi kuezeka, jioni moja kaa naye, umuulize jambo dogo tu: nyasi mlianza kuzipanga juu au chini? Na kwa nini?