Chikungunya: Kutoka Newala hadi Lamu

Leo tutazungumzia historia ya ugonjwa ambao jina lake lilitoka hapa Afrika Mashariki likaenea ulimwenguni. Ugonjwa huo ni chikungunya.

Watu wengi hudhani hili ni neno la Kiswahili. La, limetokana na lugha ya Kimakonde, na maana yake ni kujikunja. Mgonjwa huumwa na viungo hata akatembea ameinama.

Mlipuko wa kwanza kuchunguzwa ulitokea mwaka 1952 hadi 1953 huko Newala, kusini mwa Tanganyika. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake: homa ya ghafla, upele na maumivu makali ya viungo. W.H.R. Lumsden alichunguza jinsi ulivyoenea, naye R.W. Ross akavitambua virusi vyenyewe.

Hapa Kenya tuliujua vizuri mwaka 2004. Lamu ilikuwa na ukame, na watu waliweka maji nyumbani katika mapipa na mitungi. Mbu aina ya Aedes, ambaye huuma mchana, alizaana humo. Baadaye watu walipopimwa damu, ilionekana kwamba takriban watu 75 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa. Ugonjwa ukafika Mombasa, ukavuka bahari hadi Komoro, kisha kisiwa cha Réunion, na India.

Sasa tuangalie umbo la kirusi hiki. Juu yake kuna protini zilizojitokeza kama miiba. Protini iitwayo E2 hushika chembe ya mwili wa binadamu, na E1 husaidia kirusi kupenya ndani. Huko Réunion, mwaka 2005 na 2006, wataalamu waligundua badiliko dogo sana, sehemu moja tu ya E1, katika nafasi ya 226. Badiliko hilo lilikiwezesha kirusi kuishi vyema ndani ya mbu mwingine, Aedes albopictus, ambaye ndiye aliyekuwa mwingi kisiwani humo. Takriban theluthi moja ya wakazi waliugua.

Lakini protini hizo hizo ndizo udhaifu wa kirusi. Mwili ukishaziona, hutengeneza kingamwili, yaani askari wa damu. Kingamwili hujibandika juu ya miiba hiyo, hasa E2, na kirusi kikashindwa kushika chembe. Ndiyo maana aliyewahi kuugua chikungunya kwa kawaida haugui tena kwa muda mrefu.

Watengenezaji wa chanjo walifuata njia hiyo. Chanjo ya kwanza ilikubaliwa Marekani mwaka 2023. Hiyo ilitumia virusi hai vilivyodhoofishwa. Mwaka 2025 leseni yake ilisimamishwa huko kwa sababu ya madhara makubwa yaliyoonekana kwa baadhi ya waliochanjwa, wengi wao wazee. Mwaka huo huo wa 2025 chanjo ya pili ilikubaliwa. Hii ina ganda tu la kirusi pamoja na miiba yake; ndani hamna kitu cha kuzaana. Mwili hujifunza kumtambua adui bila ya kuugua.

Msikilizaji, chanjo hizi hazimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo hapa Kenya. Kwa hivyo kinga yetu kubwa ingali nyumbani. Funika mapipa na mitungi. Yamwage maji na usugue kuta za chombo angalau mara moja kwa wiki, kwa maana mayai ya mbu hung'ang'ania kwenye kuta. Magurudumu makuukuu na vifuu vya nazi visikae nje vikijaa mvua.

Ukipata homa na maumivu ya viungo, usijiambie tu kuwa ni malaria. Nenda zahanati upimwe. Usimeze aspirini kabla ya kupimwa, kwani homa ya dengi hufanana na hii, na aspirini huweza kuzidisha kutokwa na damu. Chikungunya haina dawa ya kuua virusi vyake. Mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza maumivu, maji mengi na mapumziko. Ni mara chache huua, lakini viungo huweza kuuma kwa miezi kadhaa, na mvuvi au mkulima asiyeweza kukunja vidole hana kazi.

Kinga ni bora kuliko tiba.