Bahari Ilisogea, au Ramani? Vipimo vya Magofu ya Kaole

Msikiti wa kale wa Kaole, ambao wanaakiolojia wanaukadiria kuwa wa karne ya 13, uko kusini kidogo mwa mji wa Bagamoyo. Kati yake na maji leo pamesimama mikoko. Bandari ilijaa tope, na biashara ikahamia Bagamoyo. Hayo mgeni huyaona kwa macho. Ila kujua ufuko umesogea kiasi gani ni kazi nyingine: lazima ramani ya zamani iwekwe juu ya picha ya leo, na hapo watafiti wengi huteleza.

Pwani hii imepimwa na wengi, kila mmoja akianzia hesabu zake mahali pake. Miaka ya 1820 Nahodha Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliipima akiwa melini. Mwaka 1857 wasafiri Waingereza Burton na Speke walishuka Kaole kuanza safari ya bara, na Speke akawa akitafuta mahali walipo kwa jua na nyota. Longitudo ilitegemea saa, na saa zao ziliwaharibikia njiani.

Mfumo wa vipimo uliodumu ni ule uitwao Arc 1960. Ulitokana na mnyororo wa pembetatu uliofuata longitudo ya 30, wazo la mwanaastronomia David Gill wa Cape, ambao mpimaji Martin Hotine aliusogeza mbele nchini Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kiungo chake cha mwisho kikakamilika mwaka 1954. Hesabu zake zinaanzia Buffelsfontein, karibu na mji uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth, Afrika Kusini, juu ya umbo la dunia lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. Satelaiti huanzia penginepo: kwenye kitovu cha dunia. Kwa hiyo namba zilezile, zikisomwa kwa mifumo hii miwili, zinaonyesha sehemu mbili zilizoachana kwa zaidi ya mita mia mbili. Asiyezibadilisha kwanza atatangaza kwamba bahari imekula ardhi ambayo haijaguswa hata na wimbi moja. Kwangu hilo ni kosa zito, kwa kuwa mipango ya kuokoa magofu hujengwa juu ya taarifa kama hizo.

Skana ya leza imeleta swali hilohilo la mahali pa kuanzia hesabu ndani ya kuta. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulioanzishwa na Profesa Heinz Rüther, umeyapima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Mashine husimama juu ya miguu mitatu, hutupa mwali na kupima umbali na pembe za mamilioni ya nukta. Haioni nyuma ya ukuta, kwa hiyo huhamishwa tena na tena, na kila kituo kina sifuri yake. Ili kibla, kisima na makaburi ya nguzo viwe kitu kimoja, kila wingu la nukta hugeuzwa kwa pembe tatu na kusogezwa katika pande tatu, mpaka alama zinazoonekana kutoka vituo viwili zilingane. Kosa dogo la pembe katika kituo cha kwanza hukua kadiri vituo vinavyoongezeka. Ndiyo maana eneo pana hufungwa kwenye alama za ardhini zilizopimwa kwa satelaiti.

Katika pwani hii kuna mitego miwili ya ziada. Longitudo ya 39, mstari wa kati wa kanda ya 37 ya ramani zetu (mfumo wa UTM), inakata pwani kati ya Bagamoyo na Dar es Salaam: Kaole iko magharibi yake, makaburi ya Kunduchi mashariki. Kwenye mstari huo ramani huzidisha urefu kwa 0.9996, hivyo ukuta wa mita 25 hupungua sentimita moja. Fundi wa kukarabati asipoambiwa, atakata jiwe fupi.

Mtego wa pili ni ukubwa wa namba. Kwa kuwa tuko kusini ya ikweta, umbali wetu wa kaskazini huhesabiwa kutoka mita 10,000,000, na Bagamoyo huangukia karibu na 9,288,000. Programu inayohifadhi namba kwa biti 32 haiwezi hapo kutofautisha chini ya mita moja. Nakshi za kaburi hugeuka ngazi. Wapimaji huondoa kiasi kikubwa kwanza, kisha hufanya kazi kwa namba fupi.

Kiasi hicho kilichoondolewa, jina la mfumo (Arc 1960, au TAREF11 wa leo), na mahali zilipo alama za zege ni sehemu ya urithi kama picha zenyewe. Vinapaswa kukaa katika faili moja na mawingu ya nukta, pia vichapwe kwenye karatasi, na alama zichimbiwe upande wa bara, ambako tope na mawimbi havifiki.