Vyeo Vilivyotoka Mbali

Leo twatazama vyeo vya enzi na vya vita, na njia vilivyofikia kwetu.

Hapo kale Wahehe walimwita mkuu wao Mtwa. Na aliyetawala sehemu ya nchi kwa niaba yake aliitwa Mzagila. Vyeo vingine vilipanda kutoka pwani. Sultani ni neno la Kiarabu, asili yake nguvu na mamlaka. Jemadari lilikuja kwa njia ya Bara Hindi. Unguja lilikuwa cheo cha mkubwa wa askari Mabulushi wa Sultani.

Wadachi walipofika bara, wakuu wengi waliwaandika Masultani, na Mtwa Mkwawa pia. Yeye alijiua mwaka 1898 asikamatwe, na kichwa chake kikachukuliwa. Mapatano ya Versailles ya mwaka 1919, katika kifungu cha 246, yaliagiza fuvu la “Sultani Mkwawa” litolewe kwa Waingereza. Likaletwa Kalenga mwaka 1954.

Basi ukisoma kitabuni “Sultani wa Uhehe”, fahamu kwamba hicho ni cheo cha waandishi. Waliomfuata vitani walimwita Mtwa.